Vitabu vipya katika maktaba yetu ya wilaya: uteuzi mzuri, kabati gumu

Maktaba ya umma ninayoizungumzia ipo katika mji mmojawapo wa wilaya za Mkoa wa Dodoma, na sitaitaja kwa jina, kwa sababu wahudumu wake ni wachache kiasi kwamba ukilaumu jambo lolote mji mzima utajua umemlaumu nani. Shehena mpya ya vitabu ilipowasili, ikiwa katika katoni zilizofungwa kwa kamba za plastiki, habari zilienea upesi, hasa miongoni mwa walimu na wazazi wenye watoto wa sekondari. Nimevipitia vitabu hivyo kwa utulivu, nikavisoma mezani vile visivyotoka na nikaviazima vile vilivyoruhusiwa kutoka. Maoni yangu ni kwamba vimeteuliwa kwa akili kuliko shehena yoyote niliyowahi kuiona hapa, lakini utaratibu wa kumfikishia msomaji unavipunguzia thamani kwa kiasi kikubwa.

Ili nieleweke, hapana budi nieleze rafu zile zilikuwaje hapo awali. Sehemu kubwa ya vitabu ilikuwa ya Kiingereza, na vingi kati ya hivyo vilitolewa na wafadhili waliokusudia mema bila kumjua msomaji wa hapa: ensaiklopidia zenye ramani za nchi ambazo hazipo tena, miongozo ya kompyuta za kizazi kilichopita, na riwaya nene zilizokaa miaka mingi bila kupigwa mhuri hata mmoja kwenye karatasi ya tarehe za kurudisha. Sisemi kwamba misaada yote iko hivyo. Shirika la Book Aid International la Uingereza, ambalo chimbuko lake ni mwaka 1954, husambaza vitabu vipya vinavyotolewa na wachapishaji, na kwa mwanafunzi wa uuguzi asiye na uwezo wa kununua kitabu cha tiba cha bei kubwa, msaada wa namna hiyo ni neema. Hata hivyo, maktaba ya wilaya haiwezi kutegemea siku zote kile ambacho mtu wa mbali ameona kinafaa. Inahitaji mtu aliyekaa chini na kujiuliza ni nani anayeingia mlangoni mwake, na anatafuta nini.

Safari hii inaonekana mtu huyo alikuwapo. Fasihi ya Kiswahili, ambayo katika mfumo wa Dewey, unaopanga vitabu rafuni kwa namba za masomo, hubeba namba 896.392, ilikuwa haijazi hata ubao mmoja wa rafu. Sasa imejaza mbao mbili na kuanza wa tatu. Zimo tamthilia na diwani zinazosomwa kidato cha tatu hadi cha sita, na zimenunuliwa nakala kadhaa kwa kila kitabu, jambo la busara kwa kuwa darasa zima huhitaji kitabu kilekile katika wiki ileile. Zimo pia kazi zilizotokana na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Nilifurahi kuziona, kwa sababu tuzo huvuma siku ya kutolewa kisha msomaji wa wilayani asivione vitabu vyenyewe kwa macho yake.

Kitabu kilichonigusa zaidi katika rafu hiyo ni Peponi, tafsiri ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Tangu Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, watu walikuwa wakiulizia kazi zake hapa na kujibiwa kwamba hazipo. Riwaya hiyo ina misafara ya biashara itokayo pwani kuelekea bara, na msomaji wa Ugogo ana jicho lake katika kisa cha namna hiyo, maana katika karne ya 19 misafara iliyopita katika nchi hii kavu ililazimika kulipa hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watemi ili ipate njia na maji. Wazee wa huku wanazo simulizi za upande wa pili, upande wa waliokuwa wakiiona misafara ikija. Imeletwa nakala moja tu, na nilipoiulizia ilikuwa imeshatoka. Kitabu kuwa mikononi mwa mtu ni habari njema, lakini kwa kitabu kinachotafutwa kiasi hicho nakala moja haitoshi.

Kuhusu vitabu vya kiada sina mengi. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, na maktaba imefanya vyema kuleta vitabu vinavyoendana nao, vikiwamo vya Historia ya Tanzania na Maadili, somo ambalo wazazi wengi hawakulisoma na hawana kitabu chake cha zamani nyumbani. Kasoro ni kwamba vitabu vya mtaala uliopita havikuondolewa wala kuwekwa alama yoyote, vimesimama bega kwa bega na vipya, na vyote vina majalada ya rangi zinazokaribiana. Mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu anaweza kabisa kuondoka na kile kisichomhusu. Kipande cha utepe wa rangi kwenye migongo ya vile vya zamani kingemaliza tatizo hilo kwa gharama ya kikombe cha chai.

Sehemu ya watoto ndiyo iliyopata fungu kubwa zaidi, na ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi. Hadithi ni za Kiswahili, herufi ni kubwa, na picha ni za mazingira anayoyajua mtoto wa Tanzania: kibuyu, trekta, daladala, mbuzi aliyepanda juu ya jiwe. Zamani mtoto wa hapa alijifunza kusoma kwa kutazama picha za theluji na treni za chini ya ardhi, na ingawa hakuna ubaya katika kuijua theluji, si vizuri ikawa ndiyo kitu cha kwanza anachokutana nacho kitabuni. Baadhi ya hadithi ni nyepesi mno, zimeandikwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kufikia funzo la mwisho, na watoto wanazitambua, kwa maana huzifunga kabla hazijaisha. Nyingine zina ucheshi wa kweli. Niliwaona wavulana wawili wakisomeana kwa zamu hadithi ya fisi aliyejifanya mganga, mpaka mhudumu akawaonya kwa kidole mdomoni huku yeye mwenyewe akijizuia kucheka.

Kinachonitia wasiwasi ni ufungaji wa vitabu hivyo. Vingi vimebandikwa kwa gundi tu. Karatasi zimekatwa moja moja na kushikizwa mgongoni bila kushonwa uzi. Katika nchi ambayo kwa zaidi ya nusu ya mwaka haioni mvua, gundi ya namna hiyo hukakamaa, na kitabu kikikunjuliwa kwa nguvu na mkono wa mtoto hupasuka mgongoni, kisha kurasa za katikati huanza kuchomoka. Nilichukua kimoja na kukifungua taratibu katikati, na kabla sijafika pembe ya kukilaza mezani kilitoa mlio mkavu na mstari mweupe ukajitokeza mgongoni. Vile vijitabu vyembamba vilivyobanwa kwa pini mbili vina nafuu, isipokuwa pini zenyewe zikianza kutu huchafua karatasi. Vilivyoshonwa ni vichache, navyo ndivyo vitakavyokuwa bado rafuni baada ya miaka mitano. Anayenunua kwa ajili ya maktaba angefanya hesabu tofauti na anayenunua kwa ajili ya nyumbani, kwa sababu kitabu cha bei nafuu kinachosomwa na watoto thelathini kisha kikatupwa ni ghali kuliko cha bei kubwa kinachosomwa na mia tatu.

Na vumbi nalo lina sehemu yake. Madirisha hulazimika kufunguliwa kwa sababu ya joto, na upepo wa kiangazi huingia na kila kitu. Wahudumu hufuta vitabu kwa kitambaa kikavu kila asubuhi, na wanajua wanachokifanya, kwa maana kitambaa chenye maji hugeuza vumbi kuwa tope na kuacha alama kwenye jalada daima. Nimewapa alama zote kwa hilo. Wangezipata na nyingine kama wangehamisha ile rafu iliyo chini ya dirisha la magharibi, ambako jua la alasiri limeshaanza kupausha majalada mekundu.

Kabla kitabu hakijafika rafuni kuna kazi ambayo msomaji haioni, na ni haki kuitaja, kwa sababu wengi tulinung'unika katoni zilipokaa ofisini muda mrefu bila kufunguliwa. Kila kitabu huandikwa kwenye rejesta na kupewa namba yake, hupigwa mhuri kwenye ukurasa wa jina na kwenye ukurasa mwingine wa ndani ambao maktaba imeuchagua kimyakimya ili kitabu kikiibwa na kuchanwa mwanzoni bado kitambulike, hupangiwa namba ya somo, hubandikwa lebo mgongoni na karatasi ya tarehe ndani ya jalada la nyuma, kisha huingizwa kwenye katalogi. Nilimkuta mkutubi, aliyesomea kazi hii katika chuo cha ukutubi cha Bagamoyo, akiandika lebo kwa mkono kwa sababu printa ilikuwa haina wino, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba sikuona haja ya printa. Mahali pekee ambapo kazi hiyo haijakamilika ni kwenye katalogi yenyewe: vitabu vipya vimeandikwa katika orodha iliyochapwa, lakini havijaingizwa kwenye kompyuta ambayo msomaji huitumia kutafutia, kwa hiyo kompyuta hukujibu kwamba kitabu hakipo ilhali kipo hatua chache nyuma ya mgongo wako.

Sasa nifike kwenye kabati. Vitabu vipya vya watu wazima, pamoja na sehemu ya vile vya watoto vyenye jalada gumu, vimewekwa katika kabati la vioo lenye kufuli, na vingi vimepigwa mhuri wa rejea, maana yake visomwe hapohapo na visitoke. Kwa kamusi, atlasi na vitabu vya sheria utaratibu huo unaeleweka. Kwa riwaya haueleweki. Hakuna mtu mwenye shamba, duka au bodaboda anayeweza kukaa kwenye kiti cha mbao saa za kazi ili amalize riwaya ya kurasa mia tatu, na kitabu kinachoweza kusomwa tu na asiye na kazi hakijawafikia wananchi. Hata kukitazama kunahitaji kumwita mhudumu, kumngoja amalize na mtu mwingine, kumtajia kitabu, kisha kukisoma jalada la nyuma huku amesimama pembeni na ufunguo mkononi. Wengi wanaona haya kusema kwamba kitabu hicho hawakukipenda na wanaomba kingine, basi wanakubali kilekile.

Nilipokuwa naandika jina langu kaunta alifika binti mwenye sare ya shule ya msingi, akiwa amekumbatia kitabu cha wanyama wa mbugani ambacho mhudumu alikuwa amemtolea kabatini asubuhi ile.

"Shikamoo dada. Hiki naruhusiwa kwenda nacho nyumbani?"

"Marahaba, mdogo wangu. Hicho hapana, ni cha kusomea hapahapa. Chukua kile cha jana."

"Cha jana nimeshakimaliza."

Mhudumu hakuwa mkali, na nilipozungumza naye baadaye alinipa sababu ambayo siwezi kuidharau: vitabu vikipotea, maelezo hutakiwa kwa aliyekuwa zamu, na vitabu vikiwa vipya ndivyo vinavyotamaniwa zaidi. Palikuwa na shehena ya zamani ambayo vitabu vyake vya hisabati vilitoweka vyote kabla mwaka haujaisha. Lakini mwenye sababu nzuri anaweza kuwa na utaratibu mbaya. Pale ambapo kitabu kina nakala mbili, moja ingebaki na nyingine ingetoka; na pale ambapo ni moja tu, ingeweza kukaa kabatini kwa miezi michache ya mwanzo kisha ikaachiwa. Mwanachama anayetimiza masharti tayari ana mdhamini na anuani yake inajulikana. Mdhamini huyo ni wa kazi gani ikiwa hata baada ya kumleta bado unahesabiwa kama mgeni?

Upande wa yale yasiyokuwamo, nilitegemea mengi zaidi kuhusu kilimo. Nilikwenda rafuni kutafuta 634.8, ambayo ni namba ya zabibu, nikakuta pengo kati ya matunda mengine na bustani za mboga. Huu ni mkoa wa zabibu, wenye mavuno mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti cha Makutupora kipo mkoani humuhumu. Maktaba yake ya umma kukosa hata kijitabu kimoja cha kupogoa mzabibu au kupambana na ukungu wa majani ni jambo la kushangaza. Alizeti ina kitabu kimoja cha Kiingereza. Mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame wa huku, havina kitu. Wenye umri wangu wanakumbuka maktaba ndogo za vijijini zilizoambatana na kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, na vijitabu vya kampeni kama Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, vilivyosomwa kwa makundi huku redio ikiwa mezani. Vilikuwa vyembamba, vya karatasi duni, lakini mtu aliyetoka kuvisoma alikwenda kuchimba choo au kupanda mboga. Nisingependa turudi kwenye karatasi ile, ila kusudi lile lilikuwa sahihi.

Pengo la pili linaniuma zaidi. Hakuna rafu ya mkoa. Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, aliyeishi kati ya mwaka 1917 na 1969, ni mmoja wa washairi wakubwa wa Kiswahili na ndiye aliyezipa ngonjera umaarufu wake mashuleni. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo ambacho watafiti wanakitegemea mpaka leo, kikatafsiriwa kwa Kiingereza na mwanahistoria Gregory Maddox mwaka 1995. Katika maktaba ya mkoa wake mwenyewe nilikuta mashairi yake machache tu, tena ndani ya mkusanyiko wa shule. Vivyo hivyo kuhusu michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ambayo mtoto wa hapa anaweza kuifikia kwa basi lakini hawezi kuisoma popote katika jengo hili. Najua vitabu vya namna hiyo havipatikani kirahisi madukani, na vingine havijachapwa upya kwa muda mrefu. Namba 967.8 ya historia ya Tanzania imeongezewa wasifu wa viongozi, nao hauna ubaya, ila wasifu wa viongozi unapatikana kila mahali.

Chumba cha kusomea ni kikubwa, kina meza imara na feni zinazofanya kazi umeme ukiwapo. Kuanzia Septemba hujaa watahiniwa wa kidato cha nne wanaokuja na madaftari yao na hawagusi kitabu chochote cha maktaba. Siwalaumu, wengi wao nyumbani hawana meza wala utulivu. Wazee wa magazeti wana kona yao karibu na mlango na wanaisimamia wenyewe.

Anayetaka uanachama ajaze fomu kaunta, apeleke picha ndogo na mdhamini anayefahamika, na alipe ada ya mwaka, ambayo kwa watoto ni nafuu kuliko kwa watu wazima. Wanafunzi hutakiwa na barua ya shule. Lipo pia daftari la maombi ya vitabu, ambalo mkutubi alinihakikishia kwamba husomwa kabla ya kuagiza shehena nyingine, na nimeona watu wawili wameshaandika zabibu kabla yangu. Aende asubuhi, kabla wanafunzi hawajatoka shule, maana ndipo mhudumu ana nafasi ya kufungua kabati na kungoja bila haraka. Na aombe ile orodha iliyochapwa ya vitabu vipya, ambayo haijabandikwa ukutani bali huhifadhiwa kwenye droo ya kaunta, achague humo na kutaja namba, kwa sababu kabati limewekwa mbali na mwanga na majina yaliyo migongoni hayasomeki vizuri kupitia kioo.